Siku Niliyoziba Makwapa ya Kimono

Wapo watu hapa Karatu ambao hadi leo wakipita mbele ya baraza ninaposhonea hawanisalimu kwa mdomo. Wananyanyua mkono wa kulia polepole mpaka usawa wa kifua, unakwama hapo, wanatikisika kidogo kama mlango uliovimba kwa mvua, halafu wanaushusha na kuendelea na safari yao, na mimi naendelea kukanyaga cherehani kama sijaona. Nimeona. Ni aibu yangu, niliitengeneza mwenyewe kwa uzi wangu, tena mshono mara mbili, na kwa kuwa kila anayeisimulia anaongeza chumvi yake (wengine wanasema Katibu Tarafa aliungua akapelekwa hospitali, jambo ambalo si kweli, alilowa tu), nimeona heri niiandike mimi niliyeifanya. Mimi si msomi, niliishia darasa la saba, lakini nina tabia ya kuandika mambo ya kila siku kwenye daftari, kwa hiyo mengi ya haya sikuyatoa kichwani, nimeyasoma pale, na nikifika mahali nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati ule ambao kitambaa kikifika dukani mtu anapanga foleni kwanza ndipo anauliza ni cha rangi gani. Wakaja akina mama wanne kutoka Japani. Walikuwa wa chama cha taifa lao cha kimono, ile nguo yao ndefu isiyo na kifungo hata kimoja, inayofungwa kwa mkanda mpana, na kiongozi wao aliitwa Mama Haruko, mama mfupi, mkimya, mwenye miwani. Alikuwa amepita hapa mwaka uliotangulia akienda kreta kutazama wanyama kama watalii wote, ila yeye badala ya kutazama faru alitazama akina mama wa Kimaasai wanaopanda kutoka bonde la Olbalbal na shuka zao, akasema watu wanaojua kufunga nguo bila kifungo wataelewana na watu wake. (Maneno haya nimeyapata kwa Dominiki, dereva wa watalii aliyemwendesha, ambaye ndiye baadaye alikuwa mkalimani. Mmoja wa wale akina mama alijua Kiingereza, Dominiki naye alikijua, basi neno likitoka kwa Mama Haruko lilikuwa linapita mikono miwili kabla ya kutufikia sisi, kama ndoo ya maji kwenye moto.)

Tulidhani wamekuja kufundisha kushona. Hapana. Siku ya kwanza, pale ukumbi wa parokia, Mama Haruko alieleza kwamba chama chao kilianza na mavazi, lakini kadiri miaka ilivyokwenda wameona nguo peke yake haitoshi, kwamba ukivaa kimono halafu ukakaa kama unakamua ng'ombe utakuwa umevaa kitambaa tu, kwa hiyo sasa wanafundisha na yale yanayofuatana na nguo: namna ya kukaa, namna ya kusalimu, namna ya kupanga maua matatu yakatosha chombo kizima, namna ya kufunga zawadi kwa kitambaa cha mraba bila kamba, na namna ya kumkaribisha mgeni chai. Chai yenyewe ni unga wa kijani, inapigwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi mpaka itoe povu, haina maziwa wala sukari. Niliionja. Kwa haki siwezi kusema ni mbaya, nasema tu sikumaliza.

Akina mama kumi na wawili walijiandikisha kwa wiki tatu, na mwisho wa wiki tatu mmoja angechaguliwa aachiwe sanduku zima, yaani kimono mbili, vyombo vya chai na vitambaa, pamoja na barua yenye muhuri wa chama kwamba yeye ndiye mwalimu wa mambo hayo Karatu, awafundishe wengine. Kufika wiki ya tatu walikuwa wamebaki wawili wa kushindana. Mmoja ni Bi Zuhura, mke wa Mzee Seif mwenye duka, na duka lenyewe ndilo hilo ambalo mimi nashonea barazani kwake. Wa pili ni Paskalina, mke wangu.

Paskalina alitolewa shule darasa la tatu akachunge ndama wa baba yake. Katika miaka kumi na moja ya ndoa yetu sikuwahi kumsikia akitamani kitu kwa sauti, si kanga, si redio. Ila wiki ile, anakunja kitambaa cha zawadi juu ya meza, anakikunjua, anakikunja tena, akasema bila kunitazama, "Baba Anna, wakinichagua mimi, watoto wa watu wataniita mwalimu." Ningetakiwa kusema neno zuri hapo. Daftari linasema nilijibu, "Eeh."

Sasa, Ijumaa, siku moja kabla ya mtihani wa kumchagua mwalimu, Paskalina alinijia barazani na kimono yake, ile ya zambarau, ameipakata kama mtoto mchanga. Aliichukua kwa Bi Zuhura, kwa maana sanduku lilikuwa linatunzwa kwake, nyumba yake ndiyo yenye kufuli la maana. Bi Zuhura yake ya bluu alikuwa ameshaipiga pasi mwenyewe. Paskalina akasema, "Pasi tu, Baba Anna. Mkaa usiwe mkali, na uweke kitambaa juu."

Alisema "pasi tu." Nimeangalia, nimeandika hivyo hivyo. Sina pa kujifichia.

Nikapunguza mkaa, nikapuliza majivu, nikaitandika ile nguo juu ya meza, na nikiri kwamba sijawahi kugusa kitambaa cha namna ile, kilikuwa kinateleza kama maji ya sabuni. Nikapiga mgongo, nikapiga kola, nikafika mikononi, na hapo ndipo nilipoona. Chini ya kwapa, pale mkono unapokutana na kiwiliwili, pako wazi. Siyo tundu la panya. Nilipitisha mkono mzima ukatokea upande wa pili, nikaona vidole vyangu mwenyewe vinanitazama. Mkono wa ile nguo umeshikwa juu begani tu, huku chini umeachiliwa unaning'inia.

Mtu mwenye akili timamu angefikiri nini? Angegeuza upande wa pili akaona nao uko wazi vile vile, kipimo kile kile, kingo zimekunjwa vizuri kwa sindano ya mkono, hakuna uzi hata mmoja unaochungulia, akajiambia kwamba hakuna mchaniko duniani unaochana kushoto na kulia sawasawa kisha ukajipinda pindo. Mimi niligeuza, nikaona yote hayo, na sikujiambia hivyo. Nilijiambia: Paskalina amechana.

Nina sababu zangu, ingawa siku hizi zinanitia haya. Paskalina ana mikono yenye nguvu, analima, anabeba, na nguo zake huwa zinaanzia kwapani kufa. Pasaka moja, wakiimba kwaya, kiongozi akawaambia wanyanyue mikono kwa Aleluya, na joho lake likatoa mlio uliosikika mpaka viti vya wanaume, na mimi ndiye niliyelishona. Basi picha ikajijenga yenyewe kichwani: amechana akifanya mazoezi, ameogopa kunyimwa nafasi, akakaa mahali akapinda kingo kwa mkono wake ili isionekane, na ananiletea mimi kwa jina la pasi akitumaini nitaelewa bila kuambiwa. Nikamwonea huruma. Karibu nitokwe na machozi, na ukweli ni kwamba nilikuwa najionea fahari pia, kwamba mimi ni mume wa kuelewa bila kuambiwa.

Uzi wa zambarau nilikuwa nao kibiringo kimoja tu, uzi ulikuwa wa shida, tena nilikuwa nimemwekea Padre kwa kasula, vazi lake la Misa la Kwaresima. Nikauchukua. (Padre nilimwambia baadaye. Alisema Kwaresima bado iko mbali.) Nikashona kila mkono kwenye kiwiliwili, kuanzia kwapani mpaka chini, nikafunga na ule upande wa mkono uliokuwa unaning'inia, nikarudia mara ya pili kwa sababu namjua mke wangu, kisha nikauvuta kwa nguvu zangu zote nione kama utaachia. Haukuachia. Nikapiga pasi juu yake ukapotea kabisa, usingeuona hata ukiambiwa.

Paskalina alipokuja kuichukua nilimwambia, "Imekaa vizuri sasa."

Akasema, "Asante, Baba Anna."

Lile neno "sasa" nilitegemea alikamate. Hakulikamata, na kwa nini alikamate? Hakuwa na siri yoyote.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mbele walitandika mikeka, wakaweka jiko dogo na birika, na mgeni rasmi alikuwa Katibu Tarafa, ambaye aliombwa avue viatu akae chini kama mgeni wa chai anavyokaa, akavua, akakaa (soksi zake, kwa kuwa watu wamesema mengi, zilikuwa nzima). Utaratibu ulikuwa hivi: kila mama avae kimono mwenyewe mbele ya watu, ndani amevaa gauni jeupe la chini la kumsitiri, afunge mkanda mwenyewe, kisha amkaribishe mgeni chai, na wale wageni wa Japani siku hiyo hawamgusi mtu wala hawasemi, wanatazama tu.

Bi Zuhura akatangulia. Sina la kumtoa kasoro. Alivaa kama amezaliwa nayo, akapitisha mikono ubavuni akanyoosha kitambaa, akafunga, akapiga magoti, akachota, akapiga povu, akazungusha bakuli, akampa Katibu Tarafa, naye akanywa yote kwa uso wa kiserikali.

Akaja Paskalina. Akaingia mkono wa kulia, akaingia wa kushoto, akakunja upande wa kulia chini na wa kushoto juu kama walivyofundishwa, akafunga kamba ya kwanza kiunoni, mimi nimekaa kiti cha pili kutoka mlangoni nimejaa pumzi. Kisha akapeleka mkono wa kulia chini ya kwapa la kushoto. Akapapasa. Akaurudisha, akaupeleka tena, anapapasa kama mtu anayetafuta kitasa cha mlango gizani, akageuza shingo kutazama, hakuona kitu, akajaribu upande wa pili, nako vivyo hivyo.

"Anatafuta nini?" mama mmoja nyuma yangu akauliza.

"Labda mfuko," mwenzake akamjibu.

"Nguo yao haina mfuko, waliambiwa waweke vitu ndani ya mkono wa nguo."

"Basi anajikuna."

Na hapo, wenzangu, ndipo nilipoanza kuelewa. Nilikumbuka Bi Zuhura alivyopitisha mikono ubavuni muda si mrefu, mikono ikazama ndani ya nguo mpaka kwenye kifundo cha mkono, ikanyoosha kunjo la kitambaa kiunoni kwa ndani, ikatoka. Ilizamia wapi? Ilizamia kwapani. Kulikuwa na tundu kwa Bi Zuhura pia, na Bi Zuhura hajawahi kuchana kitu maishani mwake.

Paskalina aliivua, akaigeuza, akaitazama kama ni nguo ya mtu mwingine, akaivaa tena. Watu wakaanza kuchekacheka. Akaacha kulitafuta lile tundu, akanyoosha kwa nje alivyoweza, akafunga mkanda mpana, na kwa kuwa mkono wa nguo sasa ulikuwa umeshonwa mbavuni mpaka chini, mkanda ukaukamata na wenyewe ndani yake. Nilikuwa naona yote hayo na sikusimama. Niliona na sikusimama, nimeandika.

Akapiga magoti mbele ya Katibu Tarafa, akainama vizuri mno, akachukua ule upawa wa mwanzi wenye mpini mrefu, akachota maji kwenye birika, akaunyanyua. Mkono ukafika usawa wa kifua ukakwama. Akaushusha kidogo, akaunyanyua tena kwa nguvu, na mimi naijua nguvu yake, na mshono wangu naujua pia, na kwa mara ya kwanza katika ufundi wangu nikaomba Mungu kazi yangu ifumuke. Haikufumuka. Kilichofanya ni kwamba mkono ulipopanda ulipanda na mwili mzima, kimono, mkanda na Paskalina mwenyewe, akanyanyuka kutoka kwenye magoti kama anayevutwa na kamba ya dari, upawa ukazunguka, na maji (yalikuwa ya uvuguvugu, narudia, ya uvuguvugu) yakamwagika yote kwenye mapaja ya Katibu Tarafa.

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Paskalina hakucheka. Alirudi chini akapiga magoti, mkono umesimama pale kifuani, macho chini.

Mama Haruko akasimama, akaja, akainua kile kimkono kwa vidole viwili, akavaa miwani vizuri, akapapasa kwapani. Akasema neno na mwenzake, mwenzake akasema na Dominiki, Dominiki akatuambia, "Anasema hapa pameshonwa. Anasema hapa hapashonwi, panaachwa wazi, ndivyo nguo ilivyo, mkono upite kunyoosha na mwili upate kugeuka. Anauliza ni nani ameshona."

Kicheko kikakatika. Likaanza kunong'onezwa jambo, na halikukawia kusemwa kwa sauti. Alilisema jirani yetu, Mama Tluway, ambaye si mtu mbaya, ila mdomo wake unatangulia. "Sanduku lilikuwa linalala kwa nani?"

Watu wakageuka wote wakamtazama Bi Zuhura.

Bi Zuhura alijua. Paskalina aliichukua ile nguo mikononi mwake akamwambia anaipeleka kwa mumewe kupigwa pasi, hapakuwa na mwingine wa kudhaniwa. Angenyoosha kidole tu. Hakunyoosha. Alinitazama mara moja, kisha akaweka mikono juu ya magoti kama walivyofundishwa na kutazama mbele.

"Alitaka ashinde," mtu akasema.

"Na mali yote ile, bado anamwonea mke wa fundi."

Ningependa kuandika kwamba nilisimama papo hapo. Sikusimama. Nilifikiria baraza la Mzee Seif na cherehani yangu iliyo pale, nilifikiria Paskalina atakavyonitazama, nikafikiria kwamba labda wale wageni wataamua tu ni bahati mbaya na tutakwenda nyumbani. Sina saa kwa hiyo siwezi kusema ulipita muda gani, ila haukuwa mfupi, na Bi Zuhura alikuwa anautumikia kama kifungo kwa niaba yangu. Halafu nikamwona Paskalina naye amegeuza kichwa, anamtazama Bi Zuhura, na macho yake yalikuwa yanaanza kuamini. Hilo ndilo lililoninyanyua.

"Ni mimi," nikasema.

Dominiki akasema, "Fundi, sema kwa nguvu, sijasikia."

"Ni mimi nimeshona. Bi Zuhura hana kosa. Nilipewa pasi tu, nikashona."

Kama ningeishia hapo, ndugu zangu, leo ningekuwa na heshima kidogo. Lakini mimi nina ugonjwa wa kutaka jambo lielezwe lote, upande wote, nusu ya ukweli naiona kama mshono usiofungwa mwisho, nikaendelea. "Nilidhani mke wangu amechana," nikasema. "Kwa sababu huwa anachana. Kwapani. Hata joho la kwaya alilichana Pasaka, wanakwaya wapo hapa ni mashahidi. Nikadhani ameogopa kusema, basi nikamsaidia."

Watu wa Karatu wakacheka kwanza. Kisha Dominiki, ambaye angeweza kufupisha, akatafsiri kila neno mpaka la kwaya, na yule mama wa Kiingereza akaweka mkono mdomoni. Kisha akamtafsiria Mama Haruko, akimwonyesha kwapa lake mwenyewe, na wale akina mama wa Japani, ambao kwa wiki tatu hatukuwa tumewaona meno, wakainama mpaka mabega yakawa yanatetemeka. Yaani nilichekwa kwa lugha tatu, kwa zamu, na mke wangu amepiga magoti katikati.

Mama Haruko alipopata pumzi alisema nifumue. Hapo hapo. Akimaliza kufumuliwa, Paskalina arudie mtihani, ndiyo haki. Nikaletewa wembe, nikapita mbele ya kadamnasi, nikapiga magoti kwenye mkeka karibu na Katibu Tarafa aliyelowa, na Paskalina akanyoosha mkono kadiri ulivyokubali. Kufumua mshono mara mbili, wa uzi mzuri, kwenye kitambaa kinachoteleza kama kile, juu ya mtu anayepumua kwa hasira, si kazi ya dakika mbili. Kila pigo la sindano nililitoa kivyake nisije nikachana kweli.

"Fundi," Katibu Tarafa akaniambia, anakamua suruali, "ungepewa barabara ya Mbulu uishone, tungekuwa tunapita masika yote."

"Ndiyo, Ndugu Katibu," nikasema.

Bibi mmoja mzee, amekaa dirishani, akasema kwa Kiiraqw kwamba mume wa zamani alikuwa anamfunga mke kwa ng'ombe, huyu anamfunga kwa uzi. Hilo Dominiki hakulitafsiri, naye ni Mwiraqw, alishindwa kwa kucheka.

Mimi nikamnong'oneza Paskalina, "Mama Anna, nisamehe."

"Toa huo uzi," akasema.

Akarudia mtihani. Alivaa vizuri, alichota vizuri, mkono ulipanda kama unavyotakiwa kupanda, lakini mtu aliyechekwa na kijiji kizima hawezi kupiga povu kama asiyechekwa, kifagio kilikuwa kinagongagonga bakuli, na kila mtu alisikia. Wale akina mama wakateta kidogo. Wakamchagua Bi Zuhura. Nimelifikiria jambo hili mara nyingi nikitafuta dhuluma, na sijaiona. Bi Zuhura alistahili siku ile hata bila chai, kwa vile alivyonistahi. Baadaye nilimfuata nje kumwomba radhi, nikamwuliza kwa nini hakunitaja.

"Nilikuwa nakuhesabia, shemeji," akasema. "Nikifika mia ningekutaja."

"Ulifika ngapi?"

"Tisini na kitu." Akaondoka na sanduku lake.

Njia nzima ya kurudi nyumbani Paskalina alitangulia hatua chache, na tulipofika kwenye shamba letu la mahindi akasimama nikamfikia.

"Nilikuambia nimechana?" akaniuliza.

"Hapana."

"Uliniuliza?"

"Hapana."

"Ningechana, Baba Anna, ningekuambia. Joho la kwaya nilikuja nalo mkononi mbele ya watu, sikulificha." Akavunja jani la hindi. "Maji siyo kitu. Kucheka siyo kitu. Lakini umekaa na mimi miaka yote hii ukinidhania mtu wa kuficha."

 Nilidhani nimemwelewa bila kuambiwa, kumbe nilichofanya ni kumtungia kosa, kisha nikamsamehe kosa nililomtungia, kisha nikalishona, tena nikijisifu.

Alhamisi iliyofuata Bi Zuhura alifungua darasa lake, na Paskalina akaenda. Sikutegemea. Alijiandikisha kama wengine, akakaa mkeka wa mbele, akarudi jioni akaanza kuosha mikono kwa ajili ya chakula. Nikamwuliza, kwa sauti ya mtu anayekanyaga mayai, walisoma nini. Akasema, "Mwalimu ametuambia wiki ijayo kila mtu aje na bakuli lake." Alilitamka lile neno, mwalimu, wazi kabisa, bila kinyongo, kama jina la mtu mwingine, na nilitamani afadhali angenitukana.

Kwa hiyo nimeapa, na kiapo chenyewe ni kidogo lakini nakitunza. Nguo ikiletwa kwangu na uwazi, hata ukiwa wa kupitisha ndama, siugusi mpaka nimemwuliza mwenyewe kama ni wa nguo tangu mwanzo au imechanika. Wateja wengine wanaudhika. Juzi mzee mmoja wa Malambo aliniletea koti limepasuka mgongo mzima kwa mwiba, nikamwuliza, akasema amekaa hapa duniani miaka mingi hajaona fundi anayeogopa tundu. Nikamwambia ndiyo, mzee, naliogopa. Akaniambia ni la mwiba, nilishone. Ndipo nikatunga uzi.